Sunset Boulevard, In a Lonely Place au Baby Jane: uanze na filamu ipi ya nyota waliochuja?

Kila anayeanza kuzipenda filamu za zamani za Marekani hufika kwenye njia panda hii. Amesikia kwamba Hollywood, pamoja na majigambo yake yote, iliwahi kujianika yenyewe kwenye skrini: mastaa waliochuja, waandishi waliofulia, majumba ya kifahari yaliyobaki na vumbi na picha za ukutani. Anauliza aanze wapi. Wa kwanza anamwambia Sunset Boulevard, mjadala umefungwa. Wa pili anamwambia hiyo kila mtu anaitaja, tafuta In a Lonely Place. Wa tatu, na mara nyingi huyu ni mpenzi wa filamu za kutisha, anamwambia hujaona kitu mpaka umwone Bette Davis na poda yake katika What Ever Happened to Baby Jane?

Nimezitazama zote tatu zaidi ya mara moja, na naona kila mshauri kati ya hao yuko sahihi kwa mtu fulani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza mwenzake anapenda nini. Filamu hizi zinafanana kwa juu tu. Ukikutana kwanza na ile isiyokufaa, unaweza ukahitimisha kwamba filamu za kale zinachosha, ukaziacha zote.

Mbili zinazotajwa sana nimeziacha makusudi. All About Eve ilitoka mwaka uleule wa 1950, lakini nyota wake ni wa jukwaa la tamthilia la New York. A Star Is Born ya 1954 ina nyota anayeporomoka kweli kweli, ila ina rangi na nyimbo, na kiini chake ni mapenzi. Hapa tunataka giza: nyeusi na nyeupe, vivuli virefu, na mtu anayejitia matatani kwa tamaa zake, aina ile ambayo wapenzi wa sinema huiita noir. Baby Jane inasimama mlangoni mwa aina hiyo, mguu mmoja ndani na mwingine kwenye filamu za kutisha, lakini kuijadili Hollywood ya waliosahaulika bila kuigusa ni kumwonea msomaji.

Tunazipima kwa lipi

Kigezo cha kwanza kwangu ndicho kikubwa: filamu inamkalisha mtazamaji wapi? Hadithi ya mtu aliyechuja hubadilika kabisa kutegemea kama tunaiona kama mgeni wake, mpenzi wake au mfungwa wake. Cha pili ni kilichomshusha, maana kuna anayeangushwa na zama na kuna anayejiangusha. Cha tatu ni giza lenyewe, yaani kamera na mahali. Cha nne ni waigizaji na maisha yao halisi, kwa sababu filamu zote tatu zinacheza na ukweli wa watu walio ndani yake. Mwisho yale ya kawaida: urefu, ugumu wa Kiingereza chake, na nani asiwe chumbani wakati inaonyeshwa.

Kwanza hadithi, bila kugusa miisho.

Katika Sunset Boulevard, iliyoongozwa na Billy Wilder kwa ajili ya Paramount mwaka 1950, Joe Gillis ni mwandishi wa filamu asiye na kazi. Wadai wanalifuata gari lake walichukue. Akiwa anawakimbia, tairi linapasuka, anakata kona na kuingia kwenye ua wa jumba linaloonekana halina mtu. Kumbe lina watu: Norma Desmond, malkia wa filamu bubu aliyesahaulika, na mtumishi wake Max. Sokwe wa Norma amekufa, wanamngoja mtu wa kuleta jeneza, wanadhani ndiye Joe. Norma ameandika skripti ndefu kuhusu Salome, anayotaka imrudishe kileleni, na Joe anakubali kuinyoosha kwa malipo. Anahamishiwa ndani, ananunuliwa suti. Kwa lugha ya mtaani amekuwa marioo, na anajijua.

In a Lonely Place ni ya mwaka huohuo, iliongozwa na Nicholas Ray. Humphrey Bogart ni Dixon Steele, mwandishi wa filamu ambaye hajapata mafanikio tangu kabla ya vita. Anatakiwa ageuze riwaya fulani kuwa filamu lakini hana hamu ya kuisoma, kwa hiyo anamchukua msichana wa kupokea makoti pale mkahawani aje nyumbani amsimulie. Usiku uleule msichana anauawa. Anayemtetea Dix mbele ya polisi ni jirani, Laurel Gray, mwigizaji mdogo anayechezwa na Gloria Grahame. Wanapendana, Dix anaanza kuandika tena, na shaka inaanza kuota.

What Ever Happened to Baby Jane? ya Robert Aldrich ilitoka 1962. Jane (Bette Davis) alikuwa mtoto staa wa jukwaani mwaka 1917, mpaka wanasesere wa sura yake waliuzwa mlangoni. Dada yake Blanche (Joan Crawford), aliyekuwa akikaa pembeni, akaja kuwa nyota wa filamu miaka ya thelathini. Kisha ajali ya gari. Sasa wote ni watu wazima katika nyumba moja: Blanche kwenye kiti cha magurudumu ghorofani, Jane ndiye mhudumu wake, na kila siku anazidi kuwa na kichaa na ukatili.

Umekalishwa wapi

Dakika za kwanza za Sunset Boulevard zinaonyesha maiti ikielea kwenye bwawa la kuogelea, polisi wamezunguka, wapiga picha wa magazeti wanamulika. Anayetusimulia ni huyohuyo marehemu. Wilder alikuwa amepiga mwanzo mwingine kabisa, ambapo maiti katika chumba cha kuhifadhia wafu wanasimuliana walivyokufa. Ulipoonyeshwa kwa majaribio huko Evanston, Illinois, watu walicheka pasipotakiwa kuchekwa, akaukata. Ikabaki sauti ya Joe, kavu, yenye kejeli hata kwa kifo chake. Waliokulia kwenye vibanda vya video, ambako msimulizi hupaza sauti juu ya filamu ya kigeni, watamzoea Joe mara moja. Ila mchunguze. Anavyosimulia ni kama mtu anayejitetea mahakamani, na mara nyingi anachokionyesha Wilder kwenye picha hakimsafishi kama maneno yake yanavyotaka.

Kwa hiyo katika jumba la Norma wewe ni mgeni. Unaona utajiri, unaona wazimu, unakula na kunywa humo, na unajua kuna siku ulipaswa kuondoka ukakaa. Wengine watakwambia hii ni filamu kuhusu Norma. Mimi naiona ya Joe kwa kiasi kilekile: kijana ambaye hajawahi kuwa staa anamcheka aliyewahi, huku akivaa nguo alizonunuliwa na anayemcheka.

In a Lonely Place haina msimulizi, na kiti chako kinahamishwa bila taarifa. Nusu ya kwanza unakaa na Dix. Ni mcheshi, ana akili, wakubwa wa studio wanamuudhi hata wewe. Unataka polisi wamwache. Halafu unamwona akimpiga mtu barabarani kwa ugomvi mdogo, na bila kujua umehamia kwa Laurel, unamtazama mwanamume uliyempenda na unaanza kuziogopa ngumi zake. Swali la kama aliua au hakuua linabaki pale, lakini polepole linapitwa na jingine zito zaidi: hata kama hakuua, unaweza kulala naye nyumba moja? Sijui filamu nyingine ya miaka ile inayolifanya hili kwa ustadi wa namna hii.

Baby Jane inakufungia. Uko ghorofani na Blanche, ngazi ni ndefu, simu imeondolewa, na chakula kinakuja kwenye sinia lenye kifuniko. Baada ya sinia la kwanza hutataka kifuniko kifunuliwe tena. Kiti hiki ndicho chepesi kukielewa kati ya vyote vitatu. Hofu yake haihitaji ujue lolote kuhusu Hollywood.

Kilichowashusha

Norma aliangushwa na sauti. The Jazz Singer ilitoka 1927, na miaka michache baadaye filamu bubu zilikuwa zimekwisha sokoni. Waliotajirika kwa macho na mikono wakaambiwa waongee. Jibu la Norma kwa Joe anaposema zamani alikuwa mkubwa limekuwa maarufu kuliko filamu yenyewe: yeye bado ni mkubwa, ni filamu ndizo zilizosinyaa. Lakini tukio ninalolipenda halina msemo wowote. Norma amekwenda Paramount kumwona mwongozaji Cecil B. DeMille, ameketi kwenye kiti cha DeMille studioni, na kipaza sauti kinapita juu kikigusa unyoya wa kofia yake. Anakisukuma kwa mkono kama anayemfukuza nzi. Muda mfupi baadaye fundi wa taa wa zamani, akiwa juu, anamtambua na kummulika, na wafanyakazi wanaanza kumzunguka. Kwa sekunde chache dunia yake imerudi. Kuhusu kwa nini studio ilikuwa ikipiga simu nyumbani kwake, hilo uligundue mwenyewe, linauma.

Kuna jambo jingine ambalo Wilder analiona vizuri kuliko wenzake: umaarufu uliokwisha hauishi peke yake, unahitaji watu wa kuutunza. Barua za mashabiki zinafika kwa Norma kila siku. Nani anaandika barua kwa nyota aliyesahaulika na nchi nzima? Filamu inalijibu swali hilo katikati, na baada ya jibu hilo utamwona mtu mmoja wa nyumba ile kwa jicho jipya.

Dix anajiangusha mwenyewe. Mlangoni mwa mkahawa watoto wanamwomba saini, mmoja anamwambia mwenzake asijisumbue, huyu si mtu yeyote, na Dix anakubali kwamba msichana kasema kweli. Hana kinyongo na hilo, au anajifanya hana. Kinachomponza ni ngumi, na kipaji chake kinawafanya wanaomzunguka wamvumilie mwaka baada ya mwaka. Pembeni yake yuko Charlie Waterman, mwigizaji mzee mlevi anayekariri Shakespeare baa, na Dix ndiye pekee anayemheshimu. Ukimtazama Charlie unaona Dix anakoelekea.

Jane hakufanya kosa lolote ila kukua. Mtoto staa ana mwisho uliokwisha kuandikwa, na hakuna aliyemwambia. Blanche naye anafufuliwa: filamu zake za kale zinaonyeshwa tena kwenye televisheni, majirani wanazitazama na kumsifu, na wivu wa Jane unapanda upya. Ukiziweka sambamba, teknolojia mpya ndiyo iliyomzika Norma, na teknolojia mpya zaidi ndiyo iliyomrudisha Blanche machoni pa watu, ingawa kwa gharama ambayo hakuiomba.

Giza lenyewe

Mpiga picha wa Sunset Boulevard ni John F. Seitz, aliyefanya pia Double Indemnity na Wilder mwaka 1944. Ile picha ya maiti kutazamwa kutoka chini ya maji, polisi wakionekana juu, ilipatikana kwa kuweka kioo chini ya bwawa na kupiga taswira iliyomo kwenye kioo. Jumba lenyewe halikuwa kwenye barabara ya Sunset Boulevard hata kidogo, lilikuwa barabara ya Wilshire Boulevard. Studio ndiyo iliyochimba bwawa, na jumba likabomolewa 1957. Ndani ni mapazia mazito, picha za Norma kila meza, na kinanda kikubwa cha mabomba kinachopigwa na upepo wenyewe. Muziki wa Franz Waxman unazidisha homa hiyo.

In a Lonely Place haina jumba la kutisha. Ni ua mmoja wa nyumba za kupanga wenye maua na ngazi, ulioigwa kutoka mahali alipowahi kuishi Ray mwenyewe. Giza limo usoni. Dix anapowaeleza rafiki yake polisi na mkewe jinsi muuaji alivyoweza kumnyonga yule msichana, mstari wa mwanga unashuka kwenye macho ya Bogart peke yake, na wewe ulikuwa umeanza kumpenda.

Baby Jane ilipigwa na Ernest Haller. Huyu ndiye aliyempiga Bette Davis katika Jezebel na Joan Crawford katika Mildred Pierce, filamu zilizowapa wote wawili tuzo za Oscar, wakati kazi yake ilikuwa kuwafanya wapendeze. Safari hii anawamulika bila huruma, kila mkunjo wa ngozi unahesabika. Kama kuna sababu moja ya kuitazama filamu hii kwa heshima na si kwa kicheko tu, ni hiyo.

Waigizaji na maisha yao

Hapa Sunset Boulevard inawaacha wengine mbali, na sioni haja ya kulificha hilo kwa ajili ya usawa. Gloria Swanson, anayemwigiza Norma, alikuwa nyota halisi wa filamu bubu, aliyezaliwa 1899, na alikuwa na miaka 50 wakati wa kupiga filamu, umri uleule wa Norma. Anayeigiza Max ni Erich von Stroheim, mwongozaji mkubwa wa enzi hizo. Mwishoni mwa miaka ya ishirini Stroheim alimwongoza Swanson katika Queen Kelly, kazi iliyosimamishwa kabla ya kumalizika na Swanson mwenyewe akiwa mmoja wa waliomsimamisha. Sasa tazama: katika Sunset Boulevard, Max anamwonyesha Norma filamu yake ya zamani sebuleni, na vipande vinavyopita kwenye skrini ni vya Queen Kelly. DeMille anajiigiza mwenyewe, naye ndiye aliyemwongoza Swanson katika filamu zilizomfanya nyota. Marafiki wa Norma wa kucheza karata, ambao Joe anawaita sanamu za nta, ni Buster Keaton, Anna Q. Nilsson na H. B. Warner, wote nyota wa kweli wa filamu bubu.

Tofauti moja muhimu: Swanson hakuwa Norma. Sauti yake ilifaa, hata aliteuliwa kwa Oscar kwa filamu ya kuongea, The Trespasser, na wakati Wilder anamwita alikuwa New York akifanya kazi zake. Watu wengi huiona filamu kama maungamo yake, nadhani wanampunja. Aliiigiza, tena kwa mikono na macho ya filamu bubu anayoyafahamu, akiyazidisha kidogo tu.

In a Lonely Place ina siri za ndani zaidi. Ilitengenezwa na kampuni ya Bogart mwenyewe, Santana. Ray na Grahame walikuwa mke na mume, na ndoa yao ilikuwa ikivunjika hukohuko kwenye upigaji picha. Mwisho uliokuwa kwenye skripti Ray hakuuridhia, akapiga mwingine. Bogart hapa anatumia ile sura ya mbabe tuliyomzoea nayo na kutuonyesha upande wake wa nyuma. Na kuna asubuhi moja jikoni ambayo waandishi wa filamu huinukuu mpaka leo: Dix anahangaika na kisu cha balungi, anakinyoosha kwa kuwa hajui kwamba hupindishwa makusudi, huku akimwambia Laurel kwamba tukio zuri la mapenzi lazima liwe linahusu kitu kingine. Na wao wenyewe ndilo tukio hilo.

Uhasama wa Davis na Crawford unajulikana kiasi kwamba unaweza kuimeza filamu. Davis alijipaka poda ile mwenyewe, akisisitiza Jane awe mtu asiyenawa uso, anayeongeza tu. Vipande vinavyoonyeshwa kama filamu mbaya za Jane ni filamu halisi za Davis za 1933, na Blanche anayeonekana kwenye televisheni ni Crawford mwenyewe katika Sadie McKee ya 1934. Davis aliteuliwa kwa Oscar, akashindwa na Anne Bancroft, na aliyepanda jukwaani kuichukua tuzo kwa niaba ya Bancroft alikuwa Crawford. Davis huyohuyo, miaka kumi na kitu nyuma, alikuwa ameshindania tuzo hiyo na Gloria Swanson. Wote wawili walibwagwa na Judy Holliday.

Kasoro, kwa haraka

Sunset Boulevard inayumba kila inapotoka nje ya jumba. Betty, msichana mwandishi anayempenda Joe, ni mwema mno mpaka anapungua, ingawa Nancy Olson anamchezea vizuri. In a Lonely Place inautumia upelelezi wa mauaji kama kisingizio, na mpenzi wa mafumbo ya polisi atalalamika. Baby Jane ni ndefu kuliko hadithi yake inavyohitaji. Victor Buono kama mpiga piano Edwin Flagg anafurahisha, lakini sehemu zake zinanyoosha mambo. Na kuna maswali ya haki kuhusu filamu inayogeuza uzee wa wanawake kuwa kitisho. Swali hilo linamgusa Norma pia, tusijifanye.

Urefu, lugha na chumba

In a Lonely Place ndiyo fupi, dakika 94 hivi. Sunset Boulevard ni dakika 110. Baby Jane iko chini kidogo tu ya saa mbili na robo, yaani dakika 134, na kwa anayenunua bando hilo si jambo dogo.

Maandishi ya Kiswahili chini ya picha ni nadra kuyapata kwa filamu za umri huu, kwa hiyo uwezo wa kufuata Kiingereza una uzito. Baby Jane ndiyo nyepesi. Hata ukikosa nusu ya maneno, sura na sinia vinakwambia. Sunset Boulevard inaongea sana na mizaha yake iko kwenye maneno ya Joe, hivyo washa maandishi ya Kiingereza hata kama unaongea lugha hiyo kazini. In a Lonely Place ni ngumu zaidi, watu wanasema haraka na hawasemi wanachomaanisha.

Giza la filamu hizi huharibika kwenye simu mchana. Mwanga wa dirisha unafuta vivuli vyote ambavyo Seitz na wenzake walivihangaikia. Subiri usiku, au funga pazia.

Kwa mtu wa aina yako

Ukitaka kuielewa Hollywood yenyewe, historia yake ya filamu bubu na watu wake, anza na Sunset Boulevard. Ilipata uteuzi 11 wa Oscar na kushinda tatu, na mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuhifadhiwa katika orodha ya taifa ya Marekani, lakini sababu kubwa ni kwamba filamu nyingi zilizofuata kuhusu nyota walioanguka zinaitazama hii. Inamfaa pia anayependa maneno makali, na anayefanya kazi yoyote ya sanaa ambako mtu hulipwa ili ausifu upuuzi wa mwenye pesa. Joe ni mfa maji wa ile methali yetu, na Wilder anafuata kila kutapatapa kwake.

Ukiwa mwandishi, au umewahi kuishi na mtu mwenye kipaji na hasira, In a Lonely Place itakufika mahali ambapo nyingine hazifiki. Haikupata hata uteuzi mmoja wa Oscar, na hilo lisikutishe. Aliyetoka hivi karibuni kwenye uhusiano wa vitisho na ngumi aiweke kwanza kando. Haina damu nyingi, lakini hofu ya Laurel imechorwa kwa karibu sana.

Ukiwa na marafiki sebuleni na mnataka kupiga kelele pamoja, ni Baby Jane. Inamfaa anayesema filamu za zamani zinasinzisha, na anayependa waigizaji wawili wakubwa wakichuana bila kuachiana nafasi. Peke yako usiku inafanya kazi pia, ila usile mbele yake.

Mwenye usiku mmoja tu na asiyejijua bado ni wa aina gani ajiulize anataka kumalizaje: akiwa na huzuni yenye kicheko cha uchungu (Wilder), akiwa kimya (Ray), au akiwa na mapigo ya moyo (Aldrich). Anayepanga kuziona zote azifuate kwa kupishana, asiweke Sunset Boulevard na Baby Jane usiku mfululizo, maana majumba hayo mawili yataanza kuchanganyika kichwani. In a Lonely Place ikae katikati. Na kama nyumbani kuna mtoto asiyelala mapema, Baby Jane ingoje siku atakapokuwa kwa bibi yake.